Karatasi za Bwana Sabuni

Afrika kwa Waafrika. Maneno matatu tu, na Februari 1961 yalitosha kuwakosesha usingizi walowezi wa Kenya na wakubwa wao wa London. Aliyesemekana kuyatamka hakuwa mwanasiasa wa KANU wala wakili wa Kenyatta, ambaye wakati huo bado alikuwa kizuizini Lodwar. Alikuwa Mmarekani mrefu, tajiri wa kurithi, aliyekuwa amemaliza miaka 12 ya ugavana wa jimbo la Michigan wiki chache tu kabla ya hapo. Jina lake G. Mennen Williams. Kwao walimwita Soapy, sisi tungesema Bwana Sabuni, kwa sababu babu yake mzaa mama, Gerhard Mennen, ndiye aliyeanzisha ile kampuni ya sabuni za kunyolea ndevu na poda.

Kennedy alikuwa amemchagua Desemba 1960 awe waziri msaidizi wa mambo ya nje anayeshughulikia Afrika, tena akamtangaza kabla hata ya kumtangaza waziri mwenyewe. Safari yake ya kwanza ikamleta Nairobi wiki zilezile za uchaguzi ambao kwa mara ya kwanza ungewapa Waafrika wingi wa viti barazani. Waandishi wa habari wakamuuliza Marekani inaitakia nini Afrika. Jibu lake, kama alivyolieleza mwenyewe baadaye, lilikuwa refu: Marekani inawatakia Waafrika kile wanachojitakia wenyewe, na Mwafrika ni yeyote anayeihesabu Afrika kuwa kwao, awe mweusi au mweupe. Magazetini yakatoka matatu. Machi 1 Kennedy akaulizwa juu ya jambo hilo mbele ya waandishi, akasema haoni ubaya wa kauli hiyo, na kwamba yeye hajui Afrika iwe ya nani mwingine. Hasira hazikupoa. Agosti mwaka huohuo, katika uwanja wa ndege wa Lusaka, mzungu mmoja alimfuata Williams akamtia ngumi ya uso.

Kisa hiki hupendwa kusimuliwa kama kichekesho cha kidiplomasia, mgeni mropokaji na wenyeji wenye hasira. Mimi nakiona ni kisa cha karatasi. Sentensi ilikatwa, mkia ukaenda dunia nzima, kichwa kikabaki chumbani. Anayetaka kukijua kichwa leo atakitafuta wapi?

Atazunguka. Karatasi za ugavana wake, barua zake, hotuba na picha, ziko Ann Arbor, kwenye Bentley Historical Library ya Chuo Kikuu cha Michigan. Faili za ofisi yake ya Afrika, 1961 hadi 1966, ni mali ya serikali kuu, nazo zimehifadhiwa na Makavazi ya Taifa ya Marekani. Upande wa Ikulu ya Washington uko Boston, kwenye maktaba ya Kennedy. Malalamiko ya Waingereza yako Kew, London, kwenye makavazi ya taifa ya Uingereza. Na Nairobi, palipotamkwa maneno yenyewe, kuna Makavazi ya Kitaifa, lile jengo la zamani la benki ambalo nusu ya jiji hupeana miadi hapo nje bila kuingia ndani. Sentensi moja, majiji matano au zaidi. Mtafiti kutoka Mombasa au Kigoma hana nauli hiyo.

Mgawanyo huo si wa bahati mbaya. Unafuata kiti alichokalia mtu. Alipokuwa ofisa wa serikali kuu, karatasi zilikuwa za serikali, akaziacha. Alipokuwa gavana, desturi ya wakati ule ilizihesabu kuwa zake. Hata marais wa Marekani waliondoka na karatasi zao kama mtu anavyoondoka na viatu vyake, mpaka sheria ya 1978 iliposema karatasi za urais ni za umma. Magavana ni habari nyingine, kila jimbo na mtindo wake. Michigan yenyewe ina sheria ya uhuru wa habari tangu 1976, lakini sheria hiyo inairuka ofisi ya gavana. Msomaji anayevutiwa na mambo ya Marekani asome tena hapo: jimbo lenye chuo kikuu kikubwa namna ile, na mwananchi hawezi kwenda na sheria mkononi kudai barua za gavana wake. Anachokipata Ann Arbor anakipata kwa sababu gavana alipenda kutoa. Frank Murphy alitoa. George Romney alitoa, William Milliken alitoa. Ni sadaka, si haki.

Na sadaka ina masharti. Anayetoa huweza kusema boksi hili lisifunguliwe mpaka nife, au mpaka fulani afe. Kabla ya hapo katibu wake amekwisha kupita na kikapu cha taka. Hili halisemwi sana na wanaosifu makavazi ya Wamarekani, nami si mmoja wa wale wanaoamini kwamba karatasi iliyotunzwa vizuri ni karatasi ya kweli. Williams alikuwa mwanasiasa hadi kwenye kucha. Alishinda uchaguzi mara sita mfululizo, mihula ya miaka miwili miwili, katika jimbo ambalo Republican walikuwa wamelizoea kama shamba lao. Alisimama kwenye milango ya viwanda vya magari Detroit alfajiri akishika mikono ya wafanyakazi wanaobadilishana zamu. Aliutamani urais. Mtu wa namna hiyo hatunzi karatasi kwa ajili ya mjukuu wako wewe. Anatunza kwa ajili ya kesi ambayo anaamini itasikilizwa siku moja, yeye akiwa shahidi namba moja.

Pamoja na hayo nazitetea. Karatasi za gavana zina kitu ambacho karatasi za rais hazina. Rais anaandikiwa na mabalozi. Gavana anaandikiwa na mama ambaye barabara ya kwake haina lami, na mwalimu ambaye mshahara haujaingia. Mei 1959 serikali ya Michigan ilikwama kabisa, hazina ikakauka huku gavana na baraza wakivutana juu ya kodi, na siku ya malipo ikapita wafanyakazi wa jimbo mikono mitupu. Wakenya wa kaunti hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Miaka miwili tu kabla, Novemba 1957, jimbo hilohilo lilikuwa limefungua daraja la Mackinac, karibu kilomita 8 juu ya maji, na gavana ndiye aliyeng'ara kwenye picha. Daraja linaonekana mpaka leo. Siku ile isiyo na mshahara iko kwenye maboksi.

Boksi lenyewe si kitu cha kutisha. Ni la karatasi ngumu isiyo na asidi, la kijivu au kahawia, limesimamishwa kama kitabu kinene, ndani mna mafolda yaliyoandikwa kwa penseli. Unaletewa moja kwa wakati. Kalamu ya wino unaiacha nje, begi unaliacha nje, unabaki na penseli, daftari na kompyuta. Hutakiwi kubadili mpangilio wa karatasi hata kama unauona hauna maana, kwa sababu mpangilio nao ni ushahidi: unaonyesha barua ipi ililala juu ya ipi. Kabla ya kufika hapo unakuwa umesoma mwongozo, orodha ndefu iliyo kwenye intaneti inayotaja kila boksi na kila folda. Nasema wazi kwamba mwongozo ndio unaonipa wivu kuliko maboksi. Maboksi hata sisi tunayo.

(Kijembe cha historia: jengo ambamo Williams, Mdemokrati wa kutupwa, amelala kwa mamia ya folda limepewa jina la Alvin Bentley, mbunge wa Republican wa Michigan aliyepigwa risasi ndani ya Bunge la Marekani Machi 1954. Wapinzani sasa wanakaa paa moja.)

Turudi kwenye sentensi zinazokatwa, kwa sababu Nairobi haikuwa ya mwisho. Williams alikuwa bado ofisini Zanzibar ilipopinduliwa Januari 12, 1964, Marekani ikachelewa kuitambua serikali mpya hadi Februari 23. Mwaka uliofuata, Januari 1965, Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, Robert Gordon wa Dar es Salaam na Frank Carlucci, balozi mdogo wa Zanzibar, kwa kosa la kupanga njama. Ushahidi ulikuwa mazungumzo ya simu yaliyonaswa. Carlucci, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wa ulinzi wa nchi yake, alisimulia hadi uzeeni kwamba walikuwa wanazungumzia namna ya kuishawishi Washington itume salamu za pongezi kwa sherehe za mwaka mmoja wa Mapinduzi, na kwamba kwenye simu lilitumika neno la Kiingereza lenye maana ya risasi. Wao walimaanisha hoja. Msikilizaji akasikia risasi.

Unaweza kumwamini Carlucci au usimwamini. Mimi nina wasiwasi na mtu yeyote ambaye maelezo yake hayabadiliki hata nukta kwa miaka 40. Lakini angalia umbo la kisa. Kama Washington ilikuwa inaombwa pongezi, lazima kulikuwa na telegramu kabla ya simu ile na nyingine baada yake, na telegramu ina tarehe, ina namba, ina jina la aliyeituma na la waliopewa nakala. Simu ni mkia. Kichwa kiko kwenye faili. Anayetaka kumhukumu Carlucci, kwa ubaya au kwa wema, anahitaji faili za Washington pamoja na za Dar es Salaam na Zanzibar, aziweke mezani ubavu kwa ubavu. Akiwa na za upande mmoja tu atafanya kile ambacho wengi wetu tumefanya: atarudia hadithi ya upande huo na kuiita utafiti.

Hapo ndipo panaponiuma. Historia yetu ya miaka ile ya 60 kwa kiasi kikubwa imeandikwa kutokana na mafaili ya wageni, si kwa sababu wao walijua zaidi, bali kwa sababu wao walikuwa na tabia ya kurudi ofisini na kuandika. Mmarekani alikaa na Nyerere au na Mboya saa moja, akanywa chai, akarudi ubalozini akamsomea karani: aliyekuwepo, alichosema, alivyoonekana. Upande wa pili wa meza, mzee wetu alitoka akamwambia msaidizi wake maneno mawili ndani ya gari. Leo tunamsoma Nyerere kwa Kiingereza cha mtu mwingine. Mzaha alioufanya kwa Kiswahili na msaidizi wake haumo. Kimya chake kimeandikwa kuwa ni kukubali.

Usidhani basi kwamba Afrika Mashariki haikuwa na magavana wenye karatasi. Ilikuwa nao, na karatasi zao zilipanda meli na ndege. Juni 1957 mwanasheria mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alimwandikia gavana Evelyn Baring juu ya kuwapiga wafungwa wa Mau Mau, akamwambia kwamba ikiwa lazima tutende dhambi, basi tuitende kimya kimya. Mtu aliyeandika hivyo alijua thamani ya makavazi kuliko sisi sote. Uhuru ulipokaribia, faili za aina hiyo zilitengwa, nyingine zikachomwa, nyingine zikasafirishwa Uingereza. Zilikaa Hanslope Park, kituo cha wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, kwa miongo, pamoja na za makoloni mengine, jumla yake faili 8,800 hivi kutoka makoloni 37. Serikali ya Uingereza ilikiri kuwa nazo mwaka 2011, na haikukiri kwa hiari: wazee wa Mau Mau walikuwa wamekwenda mahakamani London, na mahakama inataka nyaraka. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wazee wale waliyabeba majeraha mwilini zaidi ya nusu karne na hawakusikilizwa. Karatasi zilipojitokeza, wakasikilizwa. Ni jambo la kutia uchungu, na sioni namna ya kulipamba.

Sasa Kenya ina magavana tena, 47 kwa mpigo, tangu Machi 2013. Kizazi cha kwanza kilichomaliza mihula miwili kiliondoka Agosti 2022. Kiliondoka na miaka 10 ya maamuzi: hospitali zilizojengwa na zisizofunguliwa, mikataba ya takataka, ardhi ya soko, barua za wazee wa mtaa, ripoti za wahandisi waliokataa kutia saini. Kuna sheria ya 2019 ya kuapishwa kwa gavana, kuna kamati ya makabidhiano, kuna picha ya gavana anayetoka akimkabidhi anayeingia kitabu chenye jalada gumu huku wote wawili wakitabasamu kama walioshikiwa bunduki. Kitabu kile ni ripoti. Ripoti ni mkia wa sentensi.

Kichwa chake kiko kwenye simu. Hapa tunatofautiana na Williams kabisa, na ni heri tulikubali kabla hatujaanza kudai mabanda ya maboksi. Kaunti nyingi zinaendeshwa kwenye makundi ya WhatsApp. Waziri wa kaunti anaomba idhini saa nne usiku, gavana anajibu kwa kidole gumba cha manjano, asubuhi tingatinga liko kazini. Barua rasmi huja wiki mbili baadaye kuhalalisha kilichokwisha kufanyika, nayo ndiyo inayoingia masijala. Simu ile ni ya nani? Ni ya gavana, ameinunua mwenyewe. Muhula ukiisha anaondoka nayo kama magavana wa zamani wa Michigan walivyoondoka na makabati, ila yeye hakuna chuo kikuu kitakachomwandikia barua ya kumwomba aitoe, na hata kikimwandikia, ataipeleka simu kwa fundi ifutwe kwanza.

Kisheria tumewapita wao. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 imeweka utaratibu wa kuzidai, bila kumruka gavana. Tanzania nayo ilitunga yake mwaka huohuo wa 2016. Tunachokosa ni kitu cha kudai. Michigan wana karatasi bila sheria, sisi tuna sheria bila karatasi. Ukiandika kuomba kumbukumbu za uamuzi fulani, ofisa wa kaunti anaweza kukujibu kwa adabu zote na kwa ukweli mtupu kwamba hazipo.

Kinachohitajika kinachosha kukieleza, na labda ndiyo maana hakuna anayekipigia kampeni: karani wa masijala aliyesomea kazi yake na anayelipwa, chumba kisichovuja, agizo kwamba uamuzi wowote wa fedha au ardhi uliopitishwa kwenye simu unakiliwa kwenye faili ndani ya siku kadhaa, mwongozo unaoweza kusomwa na mtu aliyeko Lamu au Busia. Katiba imezikabidhi kaunti maktaba na makumbusho. Kuongeza chumba kimoja cha nyaraka pale pale si kazi ya kusubiri mfadhili. Vyuo vikuu vyetu vilivyotapakaa kaunti hadi kaunti vingeweza kufanya kile alichofanyiwa Williams, kumfuata gavana anayestaafu angali na jina na kiburi, wamwambie historia inamsubiri. Kiburi kinasaidia sana katika kazi hii. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, alitunza vitabu, barua na sanaa maisha yake yote, na leo hazina yake inasomwa Nairobi, ndani ya jengo lilelile la miadi. Hakulazimishwa na sheria yoyote.

Niseme kwa nini jambo hili limenikaa kooni. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua karanga kwa mama mmoja nje ya stendi, katika mji wa kaunti nisiyotaka kuitaja. Alizifunga kwenye koni ya karatasi nene iliyogeuka manjano, na nilipoifungua nikaona maandishi ya mashine ya chapa, mhuri wa bluu, matundu mawili ubavuni ya kamba ya faili. Ulikuwa ukurasa wa pili wa barua. Nilimuuliza kama ana nyingine za namna ile. Akainama chini ya meza, akanionyesha rundo lililobaki, kimo cha kiganja. Alikuwa amelinunua kwa kilo pamoja na magazeti. Tulilipekua pamoja, yeye akicheka, mimi nikitafuta ukurasa wa kwanza. Haukuwemo. Koni zile alikuwa ameanza kuziuza tangu asubuhi.

Ukurasa huo ninao. Unaanzia katikati, bila jina la mwandikaji wala la kijiji, na mstari wake wa juu kabisa unasema: "na kwa sababu hizo tunaiomba serikali iturudishie."